Maisha ya Elinipendo Eliufoo, Aliyenyoosha Migongo ya Watu Njoro (1951–2006)

Mama Elinipendo alizaliwa Mamba, mlimani Kilimanjaro, tarehe 14 Juni 1951, binti pekee wa mzee Eliufoo. Asubuhi hiyo ilikuwa zamu ya mzee kumwagilia kwa maji ya mfongo, mfereji wetu wa kijiji. Aliposikia ni mtoto wa kike aliacha jembe mferejini akakimbilia nyumbani, maji yote yakaenda kwa jirani. Kesho yake jirani aliyarudisha bila kuombwa. Ndivyo watu walivyoishi. Mfongo ule sasa umekauka, na waliobaki wanatukanana bombani.

Alisoma hapo hapo Mamba tangu 1959 hadi 1966, akamaliza darasa la nane. Kaka yake mkubwa, Ebenezeri, aliyeandika haya, alikuwa ametolewa shule darasa la nne. Kila jioni Elinipendo alimpa kaka kitabu chake cha siku hiyo, yeye akaenda kukata majani ya ng'ombe badala yake. Kila alichokuja kusoma Ebenezeri maishani kilianzia kwenye vitabu hivyo.

Mwaka 1968 alijifunza kupiga chapa, akaajiriwa karani katika ofisi moja ya kahawa mjini Moshi. Tarehe 21 Desemba 1974 alifunga ndoa na Isack, dereva wa lori kutoka Mwika, wakajenga Njoro, hapo hapo Moshi. Mungu aliwapa watoto wawili. Isack alifariki ajalini mwaka 1991.

Miaka mingi ya kuinamia mashine ilimharibia mgongo. Mwaka 1986 Mama Kokila, mke wa Mhindi mwenye duka jirani na ofisi, alimwona akishuka ngazi kwa upande, akamwita barazani kwake. Kila Jumamosi akamfundisha yoga: kukaa, kujinyoosha, kuvuta pumzi na kuitoa taratibu. Maumivu yalipokwisha, Elinipendo hakuacha. Alipenda mazoezi yale kama wengine wanavyopenda kwaya.

Kisha ukaja wakati wa soko huria. Bei ya kahawa ikaanguka, mibuni ya babu zetu ikang'olewa ili zipandwe nyanya, na mwaka 1994 wafanyakazi wa ofisi yake wakapunguzwa, naye akiwemo. Elinipendo aliomba magunia matupu yaliyokuwa yakitupwa, akayashona mawili mawili kuwa mikeka, akapaka chokaa chumba cha mbele na kuanza kufundisha. Wa kwanza kuja walikuwa akina mama wanaoshusha ndizi sokoni kwa kichwa. Wakafuata wapagazi wa mlimani.

Mpagazi mmoja alimcheka: "Mama, nabeba mzigo mpaka Kibo, leo unanifundisha kupumua?"

"Unapumua kama mbuzi aliyekimbizwa, mwanangu. Lala hapo."

Alilala, na wiki iliyofuata akaja na wenzake sita. Baadaye Elinipendo aliongeza chumba cha kukanda kwa mafuta ya parachichi na cha mvuke wa majani ya mkaratusi. Watalii nao wakaja, lakini akina mama wa ndizi hakuwahi kuwaondoa kwenye zamu yao ya asubuhi.

Wazee wa usharika walimwita wamuulize kama hiyo ni dini. Alijibu kwamba huanza na Baba Yetu na kumaliza na Baba Yetu. Walimwacha. Kaka yake hakumwacha.

Kwetu, binti aliyeolewa hukatiwa fungu lake la nyama na kaka mkubwa kila Krismasi. Asiyekatiwa amefutwa nyumbani. Krismasi ya 1998 Ebenezeri aligawa mafungu yote, na kikapu cha Elinipendo kikabaki kitupu.

"Kaka, umenisahau?"

"Sijakusahau. Wahindi wako watakukatia."

"Wahindi wenyewe hawali nyama!" alisema shangazi Anaeli, na wengine wakacheka. Elinipendo hakucheka. "Haya, kaka. Heri ya Krismasi," alisema, akashuka mlima.

Alirudi Krismasi iliyofuata na kikapu chake, na zote zilizofuata hadi 2005. Alimwamkia kaka, akamenya ndizi na wanawake wenzake, akaondoka mikono mitupu. Hakutaka nyama. Alitaka kuhesabiwa.

Februari 2006 chakula kilianza kumkwama. Hospitali waligundua kansa ya koo. Kufikia Septemba alikuwa akimeza maji ya uji tu. Hapo ndipo Ebenezeri alipochinja mbuzi, akafunga fungu la dada kwa majani ya mgomba, akaingia nyumba ya Njoro kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nimekuletea fungu lako."

"Kaka, miaka yote hiyo koo lilikuwa wazi. Umekuja limefungwa."

Elinipendo alimwambia binti yake aipike nyama ile na kuwagawia waliokuja mazoezini siku hiyo. Ilipoiva alichovya kidole kwenye mchuzi, akakigusisha ulimini. "Ya nyumbani," alisema.

Alifariki Jumatatu, tarehe 2 Oktoba 2006, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani Njoro. Ameacha watoto wawili, Eunike na Ndelilio, wajukuu wanne, kaka wawili, na wanafunzi wasiohesabika. Tunamzika leo Mwika, katika kihamba, shamba la ukoo wa mumewe.

Tukitoka kaburini, fungu la dada litakatwa kabla ya mafungu mengine yote, mbele ya ukoo, na Eunike atalipokea. Atalipokea kila Krismasi, na binti zake baada yake. Ebenezeri anaomba asiwepo atakayemsifu kwa hilo.

Bwana amlaze Elinipendo pasipo na maumivu, na amhesabu miongoni mwa walio wake.