Dereva Chengo Kaviha, Aliyekataa Sheria Mbili kwa Kosa Moja

Ijumaa, tarehe 30 Septemba 1949, Bwana Chengo Kaviha anastaafu baada ya kuitumikia yadi yetu ya malori hapa Changamwe kwa miaka ishirini na minane. Mimi Matano Mbwana, dereva mwenzake, nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa niaba ya madereva na mataniboi wote. Afisi ilinishauri niandike kwamba Chengo aliacha usukani mwaka jana kwa sababu ya macho. Macho yake hayana neno. Nitaandika yaliyotokea, na asiyependa azibe masikio wakati wa kusomwa.

Chengo alizaliwa Kaloleni, akajifunza kusoma kwa wamisheni, akashuka Changamwe mwaka 1921 kutafuta kazi. Alianza kwa kusukuma mkokoteni wa kopra. Baadaye akawa taniboi, yule msaidizi anayezungusha hendeli gari liwake, anayefunga turubai na kutia gogo nyuma ya gurudumu lori likigoma mlimani. Leseni yake ya udereva aliipata mwaka 1927. Tangu hapo ameimba nyimbo za kanisani njia nzima mpaka Nairobi na kurudi, kwa sauti mbaya ajabu, hata taniboi mmoja akaenda afisini kuomba abadilishiwe gari.

Hajapindua lori hata mara moja. Mwaka wa mafuriko, mto ulipojaa kule Voi na malori yakakwama, alifungua gunia la unga katika mzigo aliobeba akawapikia wasafiri wote. Alipofika alikwenda mwenyewe kwa mwenye unga akamweleza, kabla hajaulizwa. Mwenye unga alifoka weee, mwisho akacheka. Ndivyo Chengo alivyo: akitenda jambo, halifichi.

Nairobi ilimsumbua mwanzoni. Sisi watu wa pwani, askari akitusimamisha, tunashuka, tunavua kofia, tunamwamkia, tunauliza hali ya nyumbani, ya wazee, ya watoto na ya mvua, kisha ndipo tunatoa leseni. Safari yake ya kwanza kule, Chengo alifanya hivyo hivyo. Askari wa Nairobi akaona mtu anayejali sana afya ya mama yake askari lazima anaficha kitu. Walishusha mzigo wote, wasipate kitu, na Chengo akalala ndani hata hivyo. Kule walitaka kwanza kipande, yaani kitambulisho cha mtu mweusi, kisha jina la bwana wako, kisha unalala wapi na unaondoka lini. Kama unajua kuendesha gari waliuliza mwisho, wakikumbuka.

Mombasa si peponi, na kipande tulikivaa shingoni hapa pia. Lakini barabarani askari wa huku alitaka leseni tu. Ukiwa huna, alikukaripia, akakwambia nenda ukaitafute, na ukirudia unapelekwa mahakamani, uwe Mdigo, Mkamba au Mluo.

Hapo sina budi kusema siri ya yadi yetu, ambayo si siri kwa mtu yeyote anayeishi kando ya barabara ile. Taniboi wetu hujifunza udereva kwa kupewa usukani kutoka Mazeras mpaka langoni, dereva akiwa ameketi kando yake. Hakuna shule nyingine. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo, na aliyenifundisha ni Chengo, akiimba.

Mwaka jana kituo chetu kikapata inspekta mpya kutoka bara, akaja na mambo yake. Aliweka kizuizi barabarani, na askari wakaamriwa wamsikilize mtu anavyosema kabla ya kumuuliza leseni. Taniboi wetu Tsofa, kijana wa Rabai, alikamatwa akiendesha bila leseni. Akakaripiwa, akaambiwa nenda ukaitafute. Wiki iliyofuata Chengo alikuwa akirudi na mzigo, homa ikamshika kwenye mlima wa Mazeras hata akashindwa kushika usukani. Taniboi wake Kamau akachukua gari, akaliendesha vizuri mpaka kizuizini. Aliposema maneno mawili tu, kwa Kiswahili chake cha bara, swali likawa ni kwao wapi. Leseni haikutajwa. Alitiwa ndani, na Inspekta akatangaza kwamba atapandishwa garimoshi arudishwe rizavu, yale maeneo ya bara waliyotengewa watu wa kwao, awe funzo kwa wenziwe.

Nyambura, mkewe Kamau, alikuja yadini asubuhi na mtoto mgongoni, kutoka nyumbani kwao Chaani, hapa hapa Changamwe. Alimkuta Chengo amejifunika blanketi, meno yanagongana. Alimwambia, "Shikamoo baba. Huko wanakotaka kumpeleka hatuna hata pa kupanda mhogo. Shamba lilichukuliwa na wazungu hatujazaliwa. Wanamrudisha wapi?"

Chengo aliinuka. Alitupia blanketi lake begani, akamshika Tsofa mkono, wakaenda kituoni kwa miguu. Mimi niliwafuata, na nilisikia kwa masikio yangu akimwambia Inspekta, "Bwana mkubwa, kosa ni moja. Huyu nimekuletea mwenyewe. Ama wote wawili ndani, ama wote wawili nje."

Inspekta alimwambia aende akalale. Chengo akaketi chini uani. Tsofa akaketi. Habari ikafika yadini, na kabla ya adhuhuri mataniboi wetu wote walikuwa pale, kila mmoja anamwambia askari wa mlangoni kwamba naye ameendesha lori bila leseni na anataka kuandikwa. Wakaja hata wa yadi za jirani. Askari yule, mtu wa Kisauni, alishindwa kujizuia, akatuuliza kama hakuna aliyebaki Changamwe nzima mwenye leseni. Siku ile hakuna lori lililotoka, na nasema wazi kwamba nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Mke wangu anisamehe.

Inspekta akaacha habari ya garimoshi, na kesi ikaenda kwa hakimu Mombasa. Kamau alitozwa faini kama anavyotozwa mtu yeyote, basi, akarudi kwa mkewe. Lakini mtu mmoja ilibidi alipie. Hakimu aliuliza ni nani aliyewapa watu hawa magari, na Chengo akasimama kabla sisi hatujatazamana. Alisema, "Ni mimi. Na hawa wote nimewafundisha mimi." Alinyang'anywa leseni mwaka mzima. Alijua mwaka mzima kwake ni kufika kustaafu, na safari yake ya mwisho ni ile aliyoimaliza akitetemeka kwenye kiti cha taniboi. Nililia mahakamani, na sioni haya kusema.

Tangu hapo amekuwa bawabu wa lango letu. Asubuhi kabla ya kazi amewafundisha mataniboi ndani ya yadi, mbele na nyuma, katikati ya mapipa, mpaka wote wakaenda kufanya mtihani. Tsofa alipita mara ya pili. Kamau alipita mara ya kwanza, na hajaacha kumtania mwenzake. Kwenye karatasi za afisi Chengo anastaafu kama bawabu. Sisi tunamuaga dereva, na karatasi za afisi zitajua zenyewe la kufanya.

Bwana Chengo, ahsante kwa mkono wako juu ya usukani na kwa mwili wako wenye homa ulioketi chini pale kituoni. Mungu akupe siha, mashamba yako yashike mvua, na mkeo Mama Kafedha akuvumilie uimbapo. Uishi kwa raha kwako Kaloleni, na mlango wetu usiupite kimya.

Jumamosi asubuhi tunampeleka kwao na vyombo vyake. Kamau ndiye atakayeendesha, leseni mfukoni, Chengo kando yake, Nyambura na mtoto nyuma pamoja nasi sote. Kizuizi cha Inspekta kingalipo. Akitaka kutusimamisha, tutasimama, tutamwamkia, tutamuuliza na hali ya mama yake. Na akimuuliza Kamau kwao ni wapi, atajibiwa na lori zima kwa sauti moja: Chaani.