Ua wa Nepia Upande wa Shemeji

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa kikundi, na nyinyi wageni wa kaunti mliokuja Gede kusikia maoni yetu kuhusu sera ya kilimo hai, karibuni. Mimi maoni ya kusoma sina. Nina habari ya mchicha wangu.

Ndugu zangu, mnajua marehemu mume wangu aliniachia kishamba chembamba, na mchicha wake ndio uliotulisha mimi na wanangu. Siku ya kukaguana mashamba, kuona kama kuna aliyetia kemikali, walikuja wenzangu, wakiongozwa na mama aliyenifundisha kuponda mwarubaini wa kufukuza wadudu. Tuko katikati ya matuta, ng'ambo ya mpaka shemeji yangu anapulizia nyanya zake dawa ya dukani, upepo wa kusi ukatuletea yote usoni. Kila mtu akainama, utadhani kaangusha sindano.

Nikamwambia yule mama, "Si umeona mwenyewe ni upepo?"

"Nimeona, mwanangu. Lakini mnunuzi hali upepo, anakula mchicha."

Nikatolewa kwenye soko la kikundi mpaka niache nafasi mpakani, niweke ua, na mchicha mpya ukaguliwe. Nafasi ipi, na shamba lenyewe upana wa leso? Nilichukia, nawaambia kweli. Nililia mpaka wanangu wakaniogopa. Kanuni ya kikundi niliyoinyooshea mkono mwenyewe kuipitisha ndiyo imenitolea mboga sufuriani.

Asubuhi yake nasikia hodi. Ni mama yuleyule, kabeba kichwani vipande vya nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, vya kupanda ua, kikundi kizima nyuma yake. Nikampa mgongo. Akaenda moja kwa moja mpakani, akaanza kung'oa mchicha wa tuta langu la mwisho huku anajifuta machozi.

Shemeji alikuwa kwake, bomba la dawa mgongoni. Akalitua. Alikuwa hajui lililonipata. Alipoambiwa akasema, "Mama, uache mchicha wa mke wa kaka yangu. Pandeni huku kwangu." Akaanza kung'oa nyanya zake, zimeshabeba matunda, mstari mzima wa mpakani.

Leo nepia imenipita kimo, na mchicha wangu umerudi kwenye kapu la soko la kikundi. Mama yangu, ahsante, nilikununia bure. Wenzangu, ahsanteni. Shemeji yumo humu, kajificha nyuma. Ahsante, baba.

Wageni wetu, kanuni ikazeni, siwaombi muilegeze. Ila mkimtoa mtu sokoni, kesho yake mpelekeeni jembe. Na mkimwandika mkulima kwenye hiyo sera, mwandikeni na jirani yake. Mimi wangu aling'oa nyanya bila sheria kumwambia, lakini si kila mjane ana shemeji kama wangu.