Nani Alipiga Saa Tisa

Benchi la Mnubi muuza kahawa, pale kona ya njia ya gati, lilikuwa na miguu mitatu. Wa nne ulikuwa tofali. Asubuhi za mwaka ule wa hamsini na moja wanaume waliketi hapo na vikombe vya kahawa ya tangawizi, wakaitawala Kisumu nzima bila mshahara. Mwisho wa kulia alikaa Oketch, waliyemwita Bama kwa sababu alipigana vita vya dunia huko Bama na hakumwacha mtu asahau jambo hilo. Kushoto alikaa Wepukhulu wa karakana ya reli, jina la benchi Spana. Katikati alikaa Absalom. Huyu alilinda ghala la nguo la Bwana Narendra miaka kumi na mitatu, robota hata moja lisipotee, mpaka akatolewa zamu, akavishwa kofia yenye ukanda mwekundu na kupewa kazi ya kuwafundisha walinzi wapya wa mtaa mzima. Watu walimwita Mwalimu, na jina lile alilipenda kuliko kofia. Lakini asubuhi hii kahawa ilimpoea mkononi. Juzi walikuwa wamemzika mwanafunzi wake, Odindo, huko kwao Awasi.

— Mimi nauliza kitu moja tu, alianza Bama. Daktari anasema Odindo alikatwa mara tu baada ya saa nane. Sasa saa tisa, nani alipiga chuma?

Chuma chenyewe kilikuwa kipande cha reli kilichoning'inia mbele ya ghala, chini ya taa. Mlinzi alikigonga kila saa, ili Bwana Narendra, aliyelala ghorofani, ajue mtu wake yu macho. Usiku ule kililia saa nane, kikalia tisa, kikalia kumi, na Bwana akalala fofofo. Kulipopambazuka mlango wa ghala ulikuwa wazi, nusu ya nguo haipo, na Odindo yuko chini ya chuma chake, amekatwa shingo kutoka nyuma.

— Si ni wezi walipiga, alisema Spana.

— Wezi gani, omera? Mwizi ako na saa? Angekuwa na saa angeiba ya nini?

— Basi ni Mhindi mwenyewe. Ameiba nguo yake, bima ilipe. Ameshuka na pajama akapiga chuma, akarudi kulala.

— Na shingo ya Odindo alikata na nini? Mkasi ya kukata kitambaa ya amerikani?

— Wewe cheka. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo inaingia wapi hapa?

— Inaingia. Ngoja tu.

Mnubi mwenye benchi aliinua birika lake la shaba, akamwagia kila mtu kidogo.

— Nyinyi watoto, alisema. Chuma alipiga Odindo mwenyewe. Roho yake. Mtu akifundishwa kazi vizuri, hata akifa anamaliza zamu.

— Yawa! Hiyo sasa ni kweli, alisema Bama. Huko Bama tulikuwa na sajini moja. Amekufa Jumatatu. Jumatano bado anatuita foleni.

— Mlienda?

— Ungekuwa wewe ungekataa?

Wakacheka, kicheko cha watu wanaoogopa. Absalom hakucheka. Hakuhitaji roho wala pajama: saa tisa walipiga wezi wenyewe, ili Bwana aendelee kulala. Mtu akikaa gizani wiki moja akasikiliza, anajua kila kitu: saa ngapi chuma kinalia, na mlinzi yuko wapi kikilia na baada ya kulia. Yuko chini ya taa, uso barabarani, mgongo mlangoni, hatikisiki. Hivyo ndivyo Absalom alivyowafundisha, watu kumi na mmoja tangu apewe kofia.

Yeye mwenyewe hakusimama hapo hata usiku mmoja. Miaka yote kumi na mitatu alipiga chuma, akavua viatu, akateleza hadi nyuma ya tangi la maji ya mvua, akakaa gizani na rungu magotini mpaka saa ijayo. Wezi walimsikia lakini hawakujua aliko. Siku Bwana Narendra alipomuuliza siri ya bahati yake, aliona haya kusema kwamba alijificha. Akasema: “Nasimama kwa taa, Bwana, sitikisiki.” Bwana alifurahi kupita kiasi. Akamwambia awafundishe wote vivyo hivyo.

— Mwalimu, wewe umenyamaza sana, alisema Spana. Odindo alikosea wapi?

Absalom alitazama ndani ya kikombe.

— Labda alisinzia, alisema.

Uongo ule ulimchoma alipousikia kwa masikio yake.

— Ndiyo hiyo! Bama alipiga paja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kijana hakusikia mafundisho.

— Alisikia, wazee.

Waligeuka. Nyuma yao alisimama mtu mzima, mrefu, amevaa koti zito la ulinzi kwenye jua lile. Kola ya koti ilikuwa imekatwa nyuma, ikashonwa tena kwa nyuzi nyeusi, na koti lilikuwa la kaki.

— Hamjambo. Mimi ndugu yake Odindo. Alisikia yote. Krismasi alikuja nyumbani akatuonyesha mbele ya mama: taa hapa juu, mgongo kwa mlango. Mama alimpigia makofi. Sasa Bwana amenipa koti ya Odindo, naanza leo jioni. Ameniambia nikutafute, Mwalimu.

— Keti, baba, alisema Mnubi.

Hakuketi.

— Nataka kujua kitu moja tu. Wewe, ile miaka kumi na tatu, ukishapiga chuma, ulikuwa unakaa wapi?

Spana alikagua tofali la benchi. Mnubi alitikisa birika, lilikuwa tupu.

Kule ghalani mlinzi wa mchana akagonga saa nne. Vichwa vyote vikageukia sehemu moja, kila mtu akiweza kunyoosha kidole mpaka alipo yule aliyegonga. Mgeni naye aligeuka. Kisha alimrudia Absalom kwa macho, akangoja.

Neno tangi lilikuwa limeshamfika Absalom kwenye ulimi. Likitoka, benchi lote litajua ni somo la nani lililomuua Odindo. Absalom aliogopa, aliogopa kuliko usiku wowote nyuma ya tangi lile.

— Funga kifungo cha juu, alisema. Bwana hapendi koti wazi.

Yule mtu akakifunga.