Malengelenge ya Basi la Mama Valerian

Ndugu Mkuu wa Wilaya yetu ya Kahama, uliyekubali kuacha ofisi ukaja kunusa tina ya kuzimulia rangi pamoja nasi, Ndugu Katibu wa Chama, Baba Paroko, Mama Anisia, mzazi wa mafundi wetu wawili, shikamoo mama, kina mama wa sokoni, madereva, makondakta, na ninyi abiria wangu mliokuja mkidhani leo mtarudishwa nyumbani bure: mwadila!

Nimeombwa niseme machache. Walioniomba hawanijui, maana mwanamke aliyeuza mpunga mpaka akanunua basi hajui kusema machache! Tena leo furaha imenizidi. Tangu asubuhi nacheka peke yangu, mpaka mwanangu Valerian ameniuliza, "Mama, umeonja kitu?" Sijaonja, Ndugu Mkuu wa Wilaya. Ni furaha tu.

Tunafungua chumba cha kupulizia rangi, chenye kuta nne na sakafu ya saruji. Kwa nini, wakati miaka yote magari ya mji huu yamepakwa rangi nje, kuku wakipita chini yake? Kisa ni basi langu.

Ignas na Leodgar ni ndugu wa tumbo moja, wazaliwa wa Ushirombo. Walianza na karakana moja na kompresa moja ya kusukuma upepo, na walicheka pamoja kutwa nzima. Ndipo wakapaka Land Rover ya parokia. Ilitoka inang'aa, Baba Paroko ni shahidi, lakini mwezi haukuisha ikaota malengelenge mlango mzima, kama mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Ignas akasema mdogo wake alichanganya rangi vibaya. Leodgar akasema kaka yake hakupiga msasa. Maneno yakawa makali. Leodgar akavuka barabara, akafungua karakana yake, akanunua kompresa yake, na tangu hapo wale ndugu wakawa wanatazamana toka ng'ambo ya barabara bila kusalimiana.

Aliyeumia ni nani? Ni huyu Mama Anisia. Kila Krismasi alikula kwa Ignas, akavuka barabara, akala tena kwa Leodgar, maana kukataa kwa mmoja ni kumchagua mwingine. Siku moja aliniambia, "Tereza, nimezaa wawili, lakini siwezi kuwakalisha mkeka mmoja." Aliponiambia hivyo alicheka, ila mkono ulikuwa unafuta macho. Niliporudi nyumbani sikula.

Basi nikawaita, kila mmoja kwa wakati wake. Ubavu wa kulia wa basi langu nikampa Ignas, wa kushoto Leodgar. Nikasema, atakayenipendeza zaidi ndiye atakayepaka mbele, nyuma na paa. Mnakumbuka siku ile? Watu walibeba viti toka majumbani! Basi lilisimama katikati ya uwanja wangu, huku anapuliza huyu, kule anapuliza yule, na hakuna anayemwona mwenzake. Kijani kibichi, kizuri, nikajiona malkia.

Jua lilipofika utosini, nikasikia kelele upande wa kulia. Malengelenge! Ubavu mzima wa Ignas umevimba. Kabla sijashika kichwa, kelele nyingine kushoto: rangi ya Leodgar imejitenga, imeacha vitundu vya mviringo kila mahali, kama macho ya dagaa. Nilikuwa na basi lenye ndui upande mmoja na dagaa upande mwingine!

Leodgar akazunguka kwenda kumcheka kaka yake. Ignas naye akazunguka kwenda kumcheka mdogo wake. Wakapishana kwenye taa za mbele.

"Umepaka juu ya dizeli!" Ignas akapaza sauti. "Hujui kondakta wa basi hili analifuta kwa dizeli ling'ae? Mimi nilifuta kwa tina, wewe umetia maji na sabuni tu!"

"Na wewe hukumwaga maji ya tangi la kompresa!" Leodgar akajibu. "Kila asubuhi unafungua koki ya chini. Usipofungua, unapuliza rangi na maji."

"Mimi? Koki ilikuwa kazi yako tangu tulipoanza!"

"Yangu? Mimi nilijua ni yako!"

Ignas akamtazama mdogo wake, akasema polepole, "Kumbe ile Land Rover..."

"...ilikuwa maji," Leodgar akamalizia.

Leodgar aliketi juu ya debe la rangi, akacheka mpaka likapinduka. Ignas alicheka akaegemea basi, akabanduka na mgongo wa kijani. Wakakumbatiana, wakapakana rangi, na Mama Anisia akawavamia wote wawili na kitenge chake kipya. Kitenge kile hakijatakata mpaka leo, na hataki kifuliwe.

Walikwangua basi zima pamoja. Kwaya niliyoiahidi usafiri wa Jumapili ilipanda lori la pamba, na haijawahi kuimba vizuri vile. Basi lilipokwisha, ndugu wakaunganisha karakana zao, na chumba hiki ndicho kazi yao ya kwanza ya pamoja.

Sasa sikieni, madereva. Stanslaus, kondakta wangu, simama watu wakuone! Dizeli ni ya injini, si ya mabati. Mvua ikinyemelea, msimlazimishe fundi apulize, rangi itapauka kama kioo kilichopumuliwa. Msimwambie aongeze nzito ili idumu. Ikiwa nzito italia, michirizi mpaka kwenye matairi. Jua kali huikausha kabla haijatandaa, mkapata rangi yenye vipele kama ganda la chungwa. Na vumbi letu mnalijua. Humu ndani sakafu itamwagiwa maji kabla ya kazi, na kuku hawaruhusiwi!

Ndugu Mkuu wa Wilaya, ulikuwa uwashukuru mafundi kwa mkono wako. Lakini tazama viti vyao pale meza kuu. Vitupu! Makoti yametundikwa mlangoni, na hiyo inayonguruma ni kompresa. Wameshindwa kutungoja. Sikieni, wanabishana humo ndani nani afungue koki, na kila mmoja anasema, "Niachie mimi!"

Basi nisiwazidi kelele. Mmenipa masikio yenu nami nimeyatumia yote. Wabeja sana, asanteni, na mlango uko wazi.