Kumruhusu Chepkirui Aende

Mchungaji wetu, mwenyeji wa ukumbi huu. Bi Aketch, mwenyekiti na mwongozaji wa kikundi chetu cha maigizo. Bi Violet, mama wa binti tunayemsherehekea. Walimu wake mliofunga safari kutoka chuoni. Ndugu wageni waalikwa kutoka Alexandria, Greenbelt na hapa hapa Springfield. Vijana mnaosomea sanaa za jukwaani. Na ninyi watoto wetu mnaoelewa kila neno ninalosema na mtakaonijibu kwa Kiingereza: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa niseme machache kwa sababu mimi ndiye mzee kuliko wote kikundini, na kwa sababu Bi Aketch anasema akisimama yeye atalia. Hata mimi naweza kulia, lakini miwani yangu ni minene.

Mmeambiwa mnakuja kwenye sherehe ya kuhitimu. Ni kweli. Chepkirui amemaliza masomo yake ya maigizo, na keki ile pale ina jina lake. Lakini lipo jambo la pili, ambalo yeye mwenyewe halijui lote, ndiyo maana mnamwona ananitazama hivyo.

Kwa wasiomfahamu, Chepkirui ni meneja wetu wa jukwaa. Hamumwoni mnapotutazama. Hukaa pembeni, nyuma ya pazia, na mchezo wote umo mikononi mwake: taa iwake lini, ngoma ipigwe lini, na mimi niliyesahau niingie lini. Alipokuja kwetu alikuwa mmoja wa watoto wale wa kujibu kwa Kiingereza. Mazoezi ndiyo yaliyomfungua ulimi. Huniita Guka. Ndilo neno letu Wagikuyu la babu, naye ni Mkipsigis. Mimi nilitoka Molo, kule Kenya, mwaka ambao makabila yetu yalipigana na majirani wakaacha kuwa majirani, na wenye umri wangu wanajua kwamba neno hilo, likitoka kwa mtoto wa upande ule kuja kwa mzee wa upande wangu, si neno dogo. Yeye hulisema tu, akinitafutia kofia yangu ya mfalme.

Chuoni walianza kumfundisha taratibu za wenye kazi yao, naye kila alichojifunza akatuletea. Siku moja akaita, "Dakika tano!" Sisi tukaendelea kuvaa. Akaita tena.

"Tumesikia, mtoto," Bi Aketch akamjibu. "Kwani sisi viziwi?"

Akatueleza kwamba meneja akitaja dakika, kila mtu hujibu, "Asante, tano." Si adabu tu. Ndivyo anavyojua kwamba hakuna aliyeachwa bila kusikia. Ndugu yetu Sebastian wa Lubumbashi, dereva wa teksi ambaye mzaha haumwishi, akapaza sauti kutoka chooni: "Aksanti, tano! Musianze bila mimi, maman!"

Hiyo tuliizoea upesi. Iliyotushinda ilikuwa ile ya mapumziko. Tulikuwa katikati ya mazoezi, mambo yamechanganya, kengele aliyoitega kwenye simu yake ikalia. Akasimama.

"Mapumziko, please. Dakika kumi."

"Mapumziko ya nini, na hata mfalme bado hajafa?" Bi Aketch akauliza.

"Ni rule ya union, Auntie."

"Union ya nani? Hapa ni kanisani!"

"Najua. But watu wamechoka."

Violet, mama yake, alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kwa bibi mgonjwa anayemhudumia Alexandria. Alikaa kwenye kiti cha enzi tulichokitengeneza kwa maboksi, akavua viatu, akalala papo hapo, taji kichwani. Nilimtazama nikajiuliza: ni nani, tangu tufike nchi hii, aliyewahi kumwambia mwanamke huyu kwamba kupumzika ni haki yake, wala si hisani ya mtu?

Lakini Violet huyo huyo, aliposikia kwamba binti yake anafikiria kujiunga na chama cha waigizaji na mameneja wa jukwaa, alinipigia simu kwa wasiwasi. "Mzee, union si ndiyo ile ya kugoma? Mimi sikumleta mtoto huku aje kugoma."

Nilimjibu kwa habari ya kigoda, nami naomba niwape ninyi pia. Kabla ya kustaafu nilikuwa katika kibanda cha maegesho ya magari, chini ya jengo moja la ofisi. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa nimefundisha, na sasa nilikuwa nikisimama tangu asubuhi hadi jioni. Nilimwomba msimamizi kigoda. Akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba wateja hawapendi kuona mtu ameketi. Nikaona ana haki. Mtu aliyetolewa kwake huzoea kushukuru hata kwa kusimama. Baadaye wafanyakazi tukajiunga na chama, akaja mama mmoja mwakilishi, akatazama kile kibanda, akauliza swali moja: "Huyu anakaa wapi?" Ndugu zangu, hapakuwa na mgomo. Palikuwa na kigoda. Ombi langu lilikuwa lile lile, ila safari hii halikutoka kwangu peke yangu.

Vijana mnaosomea maigizo, nisikilizeni hapa. Kazi mnayoitaka ina hatari yake ya pekee: mnaipenda. Mtu anayependa kazi yake huambiwa upesi kwamba mapenzi hayo ndiyo malipo. Mtaambiwa mfanye mazoezi bila kikomo kwa sababu ninyi ni familia. Mtaambiwa mpande ngazi isiyo imara kwa sababu onyesho lazima liendelee. Je, mtu wa miaka ishirini na miwili, aliyepata nafasi yake ya kwanza, atathubutu kusema hapana? Peke yake hathubutu. Ndiyo maana watu wa kazi hiyo walikutana kabla yenu wakaandika: saa za kazi ni hizi, mapumziko ni haya, mtu akiumia atatibiwa hivi.

Sisemi mkimbie kujiunga kesho wote. Kadi ya chama haikupi kipaji, wala haikupi kazi. Tena hufunga baadhi ya milango: ukishaingia hutakiwi kufanya kazi pasipo na mkataba wao, na kumbi nyingi ndogo ambako kijana hujifunzia hazina mkataba huo. Kwa hiyo anzeni na vyama vya wanafunzi na vile vya kitaaluma. Nendeni kwenye mikutano yao, kaeni karibu na waliowatangulia, waulizeni maswali bila haya. Mlango ule mkubwa mtaujua utakapofika wakati wake.

Kwa Chepkirui wakati wake umefika. Ukumbi mmoja wa Washington umempa kazi ya msaidizi wa meneja wa jukwaa, kwa mkataba wa chama, kuanzia Oktoba. Wanataka jibu lake kesho.

Alipotuambia mara ya kwanza kwamba anaweza kujiunga, Bi Aketch alimkumbatia. "Hongera! Ongeza chama kingine, mwanangu." Msimcheke. Sisi tuna vyama vya mazishi, vya kuchangiana, vya akina mama, vya kaunti tulizotoka, na Bi Aketch mwenyewe sijui kama ana Jumapili iliyo wazi. Hakuna hata kimoja kinachokukataza kingine. Haikutupitia akilini kwamba kuna chama ambacho ukiingia huwezi tena kuendesha mchezo wa kanisani kama jana. Tuliuliza kama ruhusa haiombwi. Huombwa, na pengine hutolewa. Lakini kazi hiyo mpya ina maonyesho Jumamosi zote za Novemba, na Jumamosi ya Novemba ndiyo siku ya mchezo wetu wa kila mwaka.

Wiki mbili zilizopita nilimsindikiza hadi stesheni ya Metro. Akaniambia, "Guka, nita-join mwaka ujao."

"Kwa nini mwaka ujao?"

"Nani ata-run mchezo wenu? Mum anasahau mstari ule ule kila mwaka. Na wewe huingii mpaka usukumwe."

"Atanisukuma mwingine."

"Atakusukuma vibaya," akasema, akapanda treni.

Nilibaki pale nikitazama reli. Walimu wake, nadhani mnaelewa: mtoto huyu alikuwa tayari kuiacha kazi aliyoisomea, kwa ajili ya mzee asiyejua kuingia jukwaani.

Chepkirui, mwanangu, simama.

Jumapili iliyopita, ulipodhani tumekwenda kumjulia hali mgonjwa, tulikuwa na kikao. Hoja ilikuwa moja, na mkono wa kwanza kuinuliwa ulikuwa wa mama yako. Kwa hiyo, kwa niaba ya kikundi hiki, mbele ya mchungaji na mbele ya walimu wako, nakuachisha kazi. Kuanzia sasa hivi wewe si meneja wetu wa jukwaa. Usitikise kichwa, kura zimekwisha kupigwa. Nafasi yako imechukuliwa na Bi Lorraine, ambaye amestaafu kazi kule Greenbelt, aliyejifunza Kiswahili darasani akiwa mtu mzima, na ambaye kwa kweli anatushinda kwa ufasaha sisi tuliozaliwa nacho. Tulipomwomba, yeye alisema, "Sitakuwa kama yeye. Lakini nitakuwepo." Huna tena pa kurudi, binti yangu. Kesho wape jibu, na jibu liwe ndiyo.

Limebaki moja. Nimeambiwa kwamba kumbi nyingi za mjini hufungwa Jumatatu, wasanii wapumzike. Basi mchezo wetu tumeuhamishia Jumatatu. Sebastian aliuliza ni nani atakayetoka nyumbani jioni ya Jumatatu kuja kutazama mfalme akifa. Wauguzi wetu wakajibu kwa kubadilishana zamu, na wengine watakuja wamechoka. Na waje wamechoka. Usidhani tumefanya hivyo ili utusaidie. Bi Lorraine amekukataza kuvuka pazia. Utakaa mstari wa mbele, mikono mapajani, kama mgeni wa heshima.

Maana miaka yote hii umemwona mama yako kwa ubavu tu akiigiza, kutoka gizani, huku macho yako yakihesabu taa. Sisi tunaosimama mbele yake tunaujua uso wake anapomlilia mfalme. Ni uso ambao nyumbani hauonyeshi. Mwaka huu ni zamu yako kuuona.

Ndugu wageni, nawashukuru kwa subira yenu na kwa masikio yenu. Asanteni sana.