Mkuyu wa Mama Cornel

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni, aliye shambani na redio yake begani, aliye juu ya duara la dhahabu anasubiri zamu yake ya kushuka shimoni, habari za mchana. Mimi ni Dorah Nasibu. Mmezoea nianze na utani, lakini leo sina.

Leo tunamkumbuka Martina Makoye, Mama Cornel wa Rwamgasa, mkoani Geita. Amefariki baada ya kuangukiwa na mti nyumbani kwake. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: ni Martina Makoye, Mama Cornel. Mti uliomwangukia ni mkuyu wa uani kwake, na mkuyu huo aliutunza maisha yake yote ya ndoa.

Mama huyu alizaliwa Bugarama, kwa wafugaji. Akaja Rwamgasa kuolewa na Mzee Enock, na mkuyu akaukuta, tayari mnene, umesimama upande wa mashariki wa nyumba. Mnajua kwetu miti inavyokwisha. Kuni, mkaa, halafu matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za duara zisibomoke. Majirani waliuza yao mmoja mmoja. Wa Mama Cornel ulibaki. Na wewe ungejaribu kuugusa uone!

Mbuzi hakufungwa kwenye mkuyu ule, kwa sababu kamba inakula ganda. Takataka hazikuchomwa shinani. Kuna kijana wa kuchaji simu aliwahi kupigilia kibao chake pale kwa misumari. Jamani, kibao kilimfuata hadi dukani kwake, kimebebwa na Mama Cornel mwenyewe, na maneno yake akapewa palepale mbele ya wateja. Kila Jumapili akitoka kanisani alichukua mchi na kuuzunguka mti, anagonga, anatega sikio. Tawi likilia kama debe tupu, alijua limeoza ndani, na Cornel alipanda kulikata kabla halijamwangukia mtu.

Huyo ndiye mama tuliyempoteza. Mti hakuupenda kwa upofu. Alijua kabisa kwamba mti mkubwa karibu na nyumba unaweza kuua.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa.

Mwaka jana Mzee Enock alifariki. Kama ilivyo kwetu, akazikwa nyumbani. Kaka yake mkubwa, Mzee Onesmo, anayelima tumbaku Ushetu, ndiye aliyesimamia msiba. Akasema mdogo wake azikwe chini ya mkuyu, apate kivuli. Mama Cornel akamwita pembeni akamwambia, "Shemeji, mzikeni pale mbele kwenye uwazi. Hapo mtakata mizizi, na mizizi ya upande huo ndiyo inayouvuta mti usiilalie nyumba." Mzee Onesmo akamjibu, "Shemeji, wewe lia. Haya mengine tuachie sisi."

Ndugu zangu, mjane yuko mkekani, amejifunika kanga, nani anamsikiliza habari za mizizi?

Kaburi likachimbwa na vijana wa machimboni, wanaapolo, wenzake Cornel. Hao kila siku wanapasua mwamba. Mzizi wa mkuyu kwao ni kitu gani? Walimaliza mapema, kuta zimenyooka, na watu wakawasifu. Cornel amezungumza nami. Sauti yake haikuwa nzuri, nitawaambia alichosema.

"Dada Dorah, shoka nilishika mimi mwenyewe. Mizizi ilikuwa minene kama paja la mtu. Nilikuwa namchimbia baba, nilitaka kaburi liwe safi. Mama akainuka mkekani, akaja mpaka ukingoni, akatazama, akaniambia, 'Mwanangu, mmeumaliza.' Mimi nikadhani amechanganyikiwa kwa ajili ya baba."

Baada ya arobaini mkuyu ulianza kukauka majani upande wa kaburi. Upepo ukivuma, udongo wa shinani unapanda na kushuka. Suzana, mke wa Cornel, anasema mama mkwe wake alimwita siku moja: "Suzana, weka mguu hapa. Unasikia ardhi inavyopumua? Huu mti hauna mshikio tena. Utakuja huku, kwenye nyumba." Suzana akarudi ndani kuwatazama watoto.

Mama Cornel hakukaa kimya. Alimwambia Cornel apunguze matawi ya upande wa nyumba ili uzito upungue. Wakaegemeza matimba kwenye shina, yaleyale ya duarani. Lakini alijua hiyo ni kununua siku tu. Akaona hakuna namna, mti ukatwe. Hebu fikirieni, yule aliyemfuata mtu dukani kwa ajili ya msumari, leo ndiye anayeita mtu wa chenso aje na msumeno wake wa mashine!

Mtu wa chenso akaja na pikipiki, mashine imefungwa nyuma. Hajaiwasha, simu ikaita. Mzee Onesmo, kutoka Ushetu. Jirani alikuwa amempa habari. Akasema, "Huo ni mti wa marehemu. Mnataka kumvua kivuli? Asiuguse mtu mpaka ukoo ukae." Mwenye chenso akasikia habari za marehemu, akafunga mashine yake, akaondoka hata chai hakunywa.

Basi ukoo ungekaa lini? Baada ya mavuno. Mavuno yakaisha, ikawa baada ya kuuza tumbaku. Tumbaku ikauzwa, kukawa na harusi. Kisha mvua zikakaribia, na Mzee Onesmo akawa kwenye miche yake. Mama Cornel akipiga simu anaambiwa, "Nakuja, shemeji, vuta subira."

Chumba kilichotazama mkuyu kilikuwa cha wajukuu. Mama Cornel akawahamisha, akawapa kitanda chake mwenyewe upande wa pili, na yeye akahamia kwao. Suzana akamsihi wahame wote, wakapange nyumba. Anasimulia: "Mama akanijibu, 'Niache kaburi la mume wangu na nani? Mimi nimekula chumvi ya kutosha, mayu. Hao watoto bado.' Akacheka, akaanza kutandika kitanda chao kidogo, miguu inatokeza nje."

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, na upepo mkali wa mashariki. Mama Cornel miguu ilikuwa imevimba, amejilaza. Watoto walikuwa jiko la nje na mama yao, wanasubiri viazi viive. Suzana anasema alisikia matimba yakivunjika, halafu hakuona tena paa.

Wachimbaji walifika wakikimbia, maana kumtoa mtu chini ya kifusi ndiyo kazi wanayoijua. Wakamtoa akiwa hai. Akauliza, "Watoto?" Suzana akamwambia, "Wapo mama, wote wapo." Akasema, "Haya." Alifariki njiani, kabla ya kufika zahanati.

Na shina lilipong'oka, wasikilizaji, lilivuta na udongo wa upande ule. Kaburi la Mzee Enock likapasuka ubavuni. Sasa liko juani, kutwa nzima.

Mzee Onesmo alikuja. Nilimkuta amekaa kwenye gogo la mkuyu, kofia mkononi. Nikamsalimia shikamoo. Baadaye akaniambia, "Nilimtafutia mdogo wangu kivuli. Sikuwa na ubaya na shemeji. Nilidhani kuna muda." Namwamini. Ila nina hasira, nisiwadanganye, na nimekuwa na hasira tangu nilipotoka Rwamgasa.

Cornel, mdogo wangu, pole sana. Suzana, pole. Wajukuu, Mzee Onesmo, na ukoo wote wa Rwamgasa, Bugarama na Ushetu, poleni. Mungu ampokee Martina Makoye.

Nanyi mnaonisikiliza, kama uani kwenu kuna mti mkubwa, tokeni mkautazame. Tazameni shina, tazameni udongo. Mkitaka kuchimba choo, msingi au kaburi, kaeni mbali na mizizi. Na akiwepo mtu nyumbani aliyekwisha kusema kuwa mti si salama, msimwambie avute subira.

Maana kile kikao cha ukoo, wasikilizaji wapendwa, kilikaa. Mzee Onesmo alifika alfajiri, na wa Bugarama wakafika, hakukosekana hata mmoja. Walikaa kujadili Mama Cornel azikwe wapi.