Noela Mayala Magesa, Fundi wa Ovaroli za Nyarugusu, 1986–2025

Wazee wetu shikamooni, na ninyi nyote mliofika hapa Runzewe kutoka mbali na karibu poleni na safari, mama yetu Paskazia ameniomba mimi Wiliam, kaka wa marehemu, niyasome maisha ya Noela taratibu, ili na yeye ayasikie.

Noela Mayala Magesa alizaliwa hapa Runzewe tarehe 14 Agosti 1986, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Mayala, ambaye hadi anafariki hakumwita jina lake, alimwita ng'wana wane, yaani mwanangu, kana kwamba hakuwa na mwingine. Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1994 hadi 2000, akaendelea na sekondari Kahama hadi 2004, ambako alicheza netiboli na hakuna aliyemkamata kwa mbio, kisha akajifunza ushonaji, na mwaka 2007 akahamia Nyarugusu na cherehani yake ya kukanyaga. Huko aliwashonea wachimbaji ovaroli, pamoja na viroba vya kubebea mawe kutoka maduarani, yaani mashimo ya dhahabu, na kwa kumtazama mtu tu alijua bega lipi limeshuka kwa kubeba, akamkatia kitambaa kulingana na bega hilo.

Tarehe 18 Juni 2011 alifunga ndoa na ndugu Ignas George, ambaye tuko naye hapa, na tarehe 3 Februari 2013 Mungu akawajalia binti, Loveness.

Mwaka uliofuata Noela alianza kuishiwa pumzi, kwanza akibeba ndoo, halafu akikanyaga cherehani, halafu akiinama kufunga viatu, na siku moja alianguka sokoni akazinduka watu wamemzunguka. Aliambiwa ana pumu, akatumia dawa za pumu, akaambiwa ni vumbi la machimboni, akapewa dawa za kifua kikuu akazimeza hadi zikaisha ingawa makohozi hayakuonyesha kitu, na wapo waliosema amerogwa. Ilikuwa Septemba 2017, jijini Mwanza, daktari alipompima moyo kwa mashine ya picha akamwambia upande wa kulia umevimba, na huko Dar es Salaam wakapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa hadi ndani ya moyo, wakathibitisha kwamba shinikizo la damu liko juu kwenye mishipa ya mapafu, ugonjwa ambao ukimpima mtu mkononi kwa mashine ya kawaida hauonekani. Noela alituambia baadaye kwamba alilia, lakini si kwa hofu, alilia kwa kuwa hatimaye kitu hicho kilikuwa na jina.

Daktari alimwambia pia asibebe mimba nyingine, kwa sababu ingemuua. Ndugu Ignas alitamani watoto zaidi, wakazungumza mbele ya wazee bila matusi, na mwaka 2018 wakaachana, Loveness akaja kulelewa na bibi yake hapa Runzewe, naye Noela akapanga chumba Nyasubi, Kahama, ili awe karibu na hospitali na mbali na vumbi.

Vidonge alivyoandikiwa ni vilevile ambavyo wanaume hununua kwa kunong'ona, na mara ya kwanza alipoviulizia duka la dawa, muuzaji alicheka akamwambia, "Mama, mwambie baba aje mwenyewe." Noela akamjibu, "Baba hayupo. Ni vya mapafu yangu, nipe vya mwezi mzima." Alivimeza kila siku, na mwaka 2021 alipoongezewa dawa ya aina ya pili, akaweza tena kwenda sokoni kwa miguu, akafunga mota kwenye cherehani, akashona sare za shule.

Hata hivyo miaka ya Nyasubi ilikuwa ya upweke, na familia imeona tuseme, si kwa kumlaumu mtu. Noela alikuwa amenawiri, uso wake haukuonyesha ugonjwa, kwa hiyo misibani akina mama walipobeba maji na kukoroga ugali, yeye aliyekaa kwenye kiti alionekana anaringa, na taratibu wakaacha kumpa taarifa. Alisikia vilio vya jirani kupitia dirishani, akavaa khanga, akaketi kitandani, asijue kama aende. Loveness alikuja wakati wa likizo, na yeye peke yake ndiye aliyetembea kwa mwendo wa mama yake bila kuambiwa.

Mtu aliyemwelewa alimpata kliniki Mwanza, dada Ghati wa Tarime, mwenye ugonjwa huohuo, wakawa wanapigiana simu kila asubuhi kuulizana kama miguu imevimba. Mwaka jana daktari aliwaeleza kuwa nchi za nje imetoka sindano mpya, inayochomwa kila baada ya wiki tatu, inayopunguza unene wa kuta za mishipa hiyo, ila hapa kwetu haijafika. Noela aliomba aelezwe tena, kisha akasema, "Ikifika nikiwa sipo, mpeni Ghati."

Mwanzoni mwa mwezi huu wa Novemba alipata homa ya mapafu, akalazwa Kahama, na moyo ukachoka. Asubuhi ya Jumanne tarehe 11, sisi ndugu tukiwa njiani tumefika Ushirombo, alimpigia Ghati lakini hakuweza kusema, naye Ghati hakukata, akamsimulia habari za ng'ombe wake aliyezaa usiku, ndama ana doa jeupe, anagoma kunyonya, akaendelea hivyo hadi nesi Eunice alipochukua simu akasema, "Dada, amepumzika."

Familia inawashukuru madaktari wa Mwanza na Dar es Salaam, nesi Eunice, mafundi wenzake, wachimbaji mliokuja leo na ovaroli alizozishona, majirani wa Nyasubi mliokesha nasi, ndugu Ignas, na dada Ghati, aliyesafiri kutoka Tarime kwa kupumzika njiani, na ninyi nyote mtusaidie kumwachia kiti alichokaa na msimtume maji.

Mama Loveness, dada yetu, pumzika kwa amani, hakuna anayekuharakisha.